Nilitangulia foleni, bei ikashuka wiki 11 baadaye. Nina haki gani?

SWALI: "Asalaam aleikum. Mimi ni muuguzi, kwetu Mombasa, naishi Texas. Niliweka arbuni ya dola 500 ya gari la umeme kabla halijaanza kuundwa, nikangoja miezi 14. Lilipofika nililipa bei kamili, dola 54,900. Pamoja na kodi, nilitoa mfukoni kama dola 8,300, na dola 50,000 nikakopa kwa miezi 72, riba asilimia 7. Wiki 11 baadaye kampuni imetangaza bei mpya, dola 48,400. Gari ni lile lile, hata rangi ni ile ile. Nikipiga simu naambiwa bei hubadilika. Nilipita kwa muuzaji mmoja kuuliza thamani ya langu, akanitajia dola 37,500, na benki bado inanidai 48,900. Je, nimeibiwa? Naweza kurudishiwa tofauti? Mume wangu anasema tulitie kwenye kontena tukaliuze Mombasa. Na mdogo wangu aliye Ohio ameshaweka arbuni ya dola 100 kwa kampuni nyingine, bado anangoja zamu yake. Nimwambie ajitoe?"

JIBU: Waaleikum salaam, dada yangu. Kisheria hukuibiwa. Lakini umebebeshwa mzigo ambao kampuni ilikuwa na uwezo wa kukupunguzia, na una kila sababu ya kukasirika. Nasema hivi mapema kwa sababu wengi wanaoniandikia huambiwa na watu wao wa karibu kwamba hiyo ndiyo biashara, wanyamaze. Usinyamaze. Ila ujue unadai nini, na kwa nani.

Tuanze na neno ulilolitumia mwenyewe, arbuni, kwa sababu naona kosa limeanzia hapo. Wewe ni mtu wa pwani, unajua arbuni ni nini. Mtu akikuuzia kiwanja Likoni ukampa arbuni mbele ya mashahidi, bei imefungwa. Ukighairi, fedha yako imekwenda. Yeye naye akikurudia wiki ijayo na bei mpya, mtaa mzima utamwona mhuni. Kila upande umejifunga kwa kitu.

Kile ulicholipa wewe kwa gari la umeme kimevaa nguo za arbuni, lakini ndani ni kitu kingine. Fedha yenyewe hurudi ukibadili mawazo, na hilo ndilo linalowafanya watu waione haina hatari. Lakini kwa kuwa wewe hukufungwa, na kampuni haikufungwa. Dola 500 zako zilinunua nafasi kwenye foleni. Bei ilibaki wazi mpaka siku uliyotia saini ya ununuzi, na siku hiyo ikafungwa kwa pande zote mbili, ipande au ishuke. Ndiyo maana wakili yeyote utakayemwendea atakuuliza kwanza karatasi ya siku ile, wala si risiti ya arbuni.

Usidhani ni wewe peke yako uliyeelewa vingine. Tarehe 31 Machi 2016 watu walipanga mistari nje ya maduka ya Tesla kuweka dola 1,000 kwa ajili ya Model 3, gari ambalo wengi wao hawakuwa wameliona. Bei iliyotajwa ilikuwa dola 35,000. Magari ya kwanza yalitoka Julai 2017, lakini yalikuwa yenye betri kubwa na vikorombwezo, na bei yake ilifika dola 49,000. Lile la 35,000 lilifunguliwa oda Februari 2019, karibu miaka mitatu baada ya foleni ile. Kufikia hapo nafuu ya kodi ya serikali kuu kwa magari ya Tesla, iliyokuwa dola 7,500, ilikuwa imeshakatwa nusu tangu Januari mwaka huo. Kwa hiyo aliyeharakisha alilipa zaidi, na aliyevumilia akapoteza nusu ya nafuu ya kodi. Wote wawili walikuwa wametangulia.

Kisa kinachofanana zaidi na chako ni cha pikapu ya Ford, F-150 Lightning. Ilipozinduliwa Mei 2021, ile ya kawaida kabisa, ya watu wa kazi, ilitangazwa kuanzia dola 39,974. Watu karibu 200,000 waliweka dola 100 kila mmoja. Halafu bei ikaanza kupanda. Agosti 2022 ilifika 46,974, Oktoba 51,974, Desemba 55,974, na Machi 2023 ikagonga 59,974. Gari lile lile limeongezeka dola 20,000 kabla wengi wa waliokuwa kwenye foleni hawajafikiwa. Wapo waliojitoa. Wapo waliosema wameshangoja mno, wakatia saini. Kisha tarehe 17 Julai 2023 kampuni ikaishusha hadi 49,995. Yule aliyenunua masika ile kwa bei ya kileleni alipoteza karibu dola 10,000 kwa tangazo la asubuhi moja.

Kwa nini bei ipande hivyo halafu ianguke? Sababu ni moja kwa pande zote mbili, na wauzaji wengi hawaielezi vizuri. Kitu cha gharama kubwa kuliko vyote ndani ya gari la umeme ni betri, na betri inafuata bei ya madini. Kaboneti ya lithiamu huko China ilikaribia yuani 600,000 kwa tani mwezi Novemba 2022. Mwisho wa 2023 ilikuwa imeporomoka hadi karibu 100,000. Juu ya hapo, kiwanda kipya kikianza huunda magari machache kwa gharama kubwa. Kikizoea, gharama ya kila gari hushuka, na kampuni hupata nafasi ya kupunguza bei ili kumpiga mshindani. Mnunuzi wa kwanza hulipia madini yakiwa ghali na mafundi wakiwa bado wanajifunza. Wahenga walisema anayetangulia kisimani hunywa maji maenge. Katika kisima hiki anayetangulia ndiye anayechimba, na matope yanamrukia yeye.

Serikali nayo husukuma. Mwanzoni mwa 2023 sheria mpya ya Marekani ilisema gari la abiria litapata nafuu ya dola 7,500 ikiwa tu bei yake haizidi dola 55,000. Model Y ya masafa marefu ilikuwa dola 65,990. Katikati ya Januari mwaka huo Tesla wakaishusha hadi 52,990. Mtu aliyechukua lake Oktoba 2022 alikuwa amelipa dola 13,000 zaidi, na ile nafuu ya 7,500 hakuipata kabisa. Jumla, dola 20,500 zilimtenganisha na jirani yake aliyechelewa miezi mitatu. China walikuwa wameshapunguziwa siku chache kabla, na wenye magari walikwenda kukusanyika kwenye maduka ya Tesla Shanghai na Chengdu wakidai fidia. Kampuni ilijibu kwamba haina mpango wa kuwalipa. Thailand mwaka 2024, magari ya BYD yaliposhushwa bei, malalamiko yalifika hadi serikalini na chombo cha kuwalinda walaji kikaagizwa kuchunguza. Nakutajia hayo ujue kwamba uchungu wako haukutokana na uzembe.

Sasa tuhesabu, maana hasara yako watu wameichanganya. Unaona pengo la dola 11,400 kati ya deni la 48,900 na bei ya kukununulia, 37,500, na unalitwika lote kwenye punguzo. Sivyo. Gari lolote jipya likitoka yadi linapoteza thamani, na muuzaji anayelinunua lazima aache nafasi ya faida yake. Bila punguzo lolote, pengine angekutajia karibu 44,000, na bado ungekuwa chini ya deni kwa dola elfu kadhaa. Hiyo ni hasara ya kununua gari jipya kwa mkopo wa miaka sita.

Hasara ya kutangulia ni ile 6,500, na kwa kweli ni zaidi ya hapo. Texas inatoza kodi ya asilimia 6.25 juu ya bei, kwa hiyo ulilipa kodi ya kama dola 406 kwa ile sehemu ya bei ambayo sasa haipo. Tunafika 6,906. Fedha hiyo uliikopa kwa asilimia 7 kwa miezi 72, ikimaanisha karibu dola 118 za kila mwezi katika rejesho lako ni za tofauti hii tu. Ukimaliza mkopo utakuwa umelipa kama dola 8,480. Andika nambari hiyo mahali, kwa sababu ndiyo utakayoitumia kwenye barua. Kudai 11,400 kutawapa nafasi ya kukukatalia kwa haki.

Je, utarudishiwa? Kisheria sioni njia. Sheria za magari mabovu zinahusu ubovu, hazigusi bei. Watu wengi pia wanaamini kuna siku tatu za kurudisha gari ukijuta. Kanuni ya siku tatu ipo kwa baadhi ya mauzo, kama yale ya mlangoni kwako, lakini hailindi gari ulilonunua kwa muuzaji mwenye duka lake. Mlango mmoja tu wa kisheria ungekuwa wazi: kama mkataba wako una kifungu cha kulinda bei, au kama mtu wa mauzo alikuandikia, kwa barua pepe au ujumbe wa simu, kwamba bei haitashuka. Tafuta vizuri. Maneno ya mdomo yatakusaidia kidogo sana.

Lakini nje ya sheria kuna kitu kingine, na hapa ndipo sikubaliani na wanaosema unyamaze. Kampuni hujali wateja wake wa kwanza, hasa wakisema pamoja na wakisema mapema. Tarehe 1 Machi 2022 Rivian walipandisha bei ya pikapu yao R1T kutoka dola 67,500 hadi 79,500, na gari lao jingine, R1S, kutoka 70,000 hadi 84,500, tena wakaigusa hata foleni ya watu waliokuwa wamengoja miaka. Watu walifuta oda kwa wingi, wakaandika, wakapiga simu. Siku mbili baadaye mkuu wa kampuni, RJ Scaringe, aliomba radhi hadharani na kuwarudishia bei ya zamani wote walioweka oda kabla ya siku ile. Siku mbili tu. Kifungu cha sheria hakikuhusika. Waliofanikiwa walikuwa watu ambao bado walikuwa na kitu cha kuondoa mezani.

Wewe umeshachukua gari, kwa hiyo nguvu yako ni ndogo kuliko yao. Hata hivyo ipo mifano ya waliokumbukwa baada ya kununua. General Motors waliposhusha bei ya gari lao la umeme, Chevrolet Bolt ya 2023, kwa karibu dola 6,000, waliwapa fidia walionunua ya 2022, kwa sharti la kutia saini kwamba hawataishtaki kampuni kuhusu betri. Ukiletewa karatasi ya namna hiyo, isome mpaka mwisho kabla ya kufurahia hundi. Nao Ford waliposhusha bei ya gari lao jingine la umeme, Mustang Mach-E, mwishoni mwa Januari 2023, waliokuwa wakingoja magari yao walipewa bei mpya moja kwa moja, na walionunua baada ya Januari 1 kampuni ikaahidi kuwatafuta. Unaona walivyochora mstari: kama siku 30 nyuma. Wewe uko wiki 11. Nadhani fedha taslimu hawatakupa. Dhamana iliyoongezwa mwaka mmoja au miwili, matengenezo ya bure, au salio la kuchaji kwenye vituo vyao, hivyo vinawagharimu kidogo na vinaombeka.

Kuhusu gari lenyewe, ushauri wangu ni mfupi: usiliuze sasa. Ile 37,500 ni hasara ya kwenye karatasi mpaka siku utakayoikubali. Kibaya kuliko vyote ni muuzaji atakayekuambia atachukua gari lako, atakupa jingine, na lile pengo la 11,400 "atalishughulikia". Atalishughulikia kwa kulitia ndani ya mkopo mpya, na utaanza safari nyingine ukiwa na deni la gari mbili na ufunguo wa moja. Hata kampuni kubwa ya kukodisha magari, Hertz, ilipoamua Januari 2024 kuuza magari ya umeme 20,000 wakati bei zimeshuka, ilibidi iandike hasara ya dola milioni 245. Soko likiwa chini, anayelazimika kuuza ndiye anayeumia. Wewe hujalazimika. Una kazi, gari linatembea, na umeme wa kulichaji nyumbani ni rahisi kuliko petroli. Liendeshe.

Jambo moja lifanye wiki hii. Angalia kama una ile bima inayoitwa GAP. Gari likigongwa likaharibika kabisa, au likiibwa, bima ya kawaida itakulipa thamani ya soko ya siku hiyo, na kwako hiyo iko maelfu chini ya deni. Bila GAP utabaki ukilipa benki kwa gari ambalo halipo. Kama uliuziwa siku ya ununuzi, itakuwa kwenye karatasi zako. Kama huna, uliza kampuni yako ya bima au chama cha akiba na mikopo kabla ya kurudi kwa muuzaji wa magari, kwani kwake mara nyingi ni ghali zaidi. Ukipata zamu za ziada kazini, ongeza hata dola 100 kwa mwezi kwenye deni la msingi, na uiambie benki kwa maandishi kwamba zinakwenda kwenye msingi. Pengo lile litafungika haraka kuliko unavyodhani.

Mume wako umweleze kwa upole kwamba kontena halitasaidia. Gari lenu lina usukani wa kushoto, na Kenya haisajili magari hayo isipokuwa ya kazi maalumu kama ambulansi na ya zimamoto. Magari ya umeme yaliyotumika mnayoyaona Mombasa na Nairobi, kama Nissan Leaf, yanatoka nchi za usukani wa kulia, hasa Japani na Uingereza. Lenu litafika bandarini na kukwama.

Nimemweka mdogo wako mwisho kwa sababu yeye ndiye ambaye bado anaweza kuokolewa. Asijitoe kwa hasira. Dola 100 zinazorudi hazimuumi, na kukaa kwenye foleni hakumfungi. Kinachomfunga ni saini itakayofuata, na siku atakapoitwa aulize maswali matatu, ajibiwe kwa maandishi. La kwanza: bei hii inafungwa lini, leo ninapoagiza au siku ya kukabidhiwa? La pili: ikishuka kabla sijakabidhiwa, nitapata ile ya chini? La tatu: ikishuka ndani ya siku 30 baada ya kukabidhiwa, mtanifanyia nini? Wakikataa kuandika, hilo nalo ni jibu, na fedha yake ya foleni itarudi.

Amwogope pia yule atakayemuuzia toleo maalumu la wa kwanza. Cybertruck, pikapu ya Tesla, ilitangazwa Novemba 2019 kuanzia dola 39,900. Ilipoanza kukabidhiwa mwisho wa 2023, ile ya injini mbili ilikuwa dola 79,990 kwenye orodha, lakini waliotangulia waliuziwa kwanza toleo la Foundation kwa dola 99,990. Mwaka uliofuata, ile isiyo na jina hilo ikafunguliwa kwa 79,990. Dola 20,000 kwa kuwahi! Kama gari analisubiri kwa mapenzi, sina neno, fedha ni yake. Kama anataka chombo cha kwenda kazini, bora azipishe zamu za kwanza na angoje mwaka wa pili wa gari hilo. Hyundai mwezi Oktoba 2025, mara tu baada ya nafuu ya kodi ya serikali kuu kuondolewa Septemba 30, walitangaza kushusha bei ya gari lao la umeme, Ioniq 5 za 2026, kwa hadi dola 9,800. Aliyengoja hakupata hasara.

Na achunguze afya ya kampuni, si gari peke yake. Machi 2024 kampuni ya Fisker ilishusha bei ya gari lake la umeme, Ocean Extreme, kutoka dola 61,499 hadi 37,499, na wapo walioona wameokota dodo chini ya mwembe. Juni mwaka huo huo kampuni iliomba ulinzi wa mufilisi, na wenye magari wakabaki wakihangaika na vipuri na programu. Punguzo la aina hiyo, kwa kampuni changa isiyo na gari jingine la kuuza, ni king'ora.

Barua yako, dada, iwe ya ukurasa mmoja na uipeleke kwa ofisi ya huduma kwa wateja ya kampuni yenyewe, nakala kwa duka. Anza na tarehe nne: ya arbuni, ya oda, ya kukabidhiwa, na ya tangazo la bei mpya. Taja miezi 14 uliyongoja. Weka hesabu ya 6,500, kodi yake, na riba yake. Kisha omba kitu kimoja kinachotajika, kwa mfano: "Naomba dhamana ya gari na betri iongezwe miaka miwili bila malipo." Usitukane mtu, usitishie kesi ambayo huna. Kama unawafahamu wengine waliokabidhiwa mwezi mmoja na wewe, pelekeni barua zinazofanana wiki moja, kila mmoja na jina lake. Wape siku 14. Wakikujibu, nitumie nakala ya jibu lao kabla hujatia saini chochote.